Doa Lisiloguswa

Shangazi yangu alikuwa dobi maisha yake yote, na kwake doa ni adui wa ukoo. Ukimtembelea na kola chafu, chai huipati mpaka uvue shati. Magoti yalipoanza kumsumbua, alifunga chumba cha kufulia, na nyumba iliyozoea mvuke na kelele za wateja ikawa kimya. Akakonda. Aliniambia bila kuzunguka, "Siku hizi hakuna anayenihitaji, hata soksi."

Ndipo nilipompelekea tangi la kioo na samaki wadogo wenye mikia myekundu. Alifurahi kupita kiasi, na balaa likaanzia hapo. Kila asubuhi aliwahamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji yote, akasugua kioo, akachemsha changarawe kwenye sufuria. Tangi lilimetameta, samaki wakafa. Nikaleta wengine, nao vilevile. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya tangi tupu, macho mekundu.

"Usilete tena," alisema. "Nina mkosi."

Nilimkokota hadi kwa muuza samaki wa mapambo, mzee mnene asiye na haraka na lolote duniani. Aliposikia habari za changarawe ya kuchemshwa, alishika kichwa.

"Mama, hawa hawakufa kwa uchafu. Wamekufa kwa usafi wako."

Shangazi alinuna njia nzima, lakini tulirudi na tulichoelekezwa. Tulitandaza udongo chini ya tangi na mchanga juu yake, tukapanda majani ya majini mpaka pakawa kichaka, tukajaza taratibu maji yaliyokuwa yamelala kwenye ndoo. Mimea iliposhika mizizi, tukatia samaki wachache na konokono mmoja. Mzee alikuwa ametueleza kwamba kinyesi cha samaki ni mbolea ya majani, na majani ndiyo yanayosafisha maji.

"Na mimi kazi yangu ipi?" Shangazi alikuwa amemuuliza.

"Chakula kidogo, na maji kubadilisha kidogo mara mojamoja. Baada ya hapo, kaa."

Kaa! Mtu ambaye hata chai huinywa amesimama! Kioo kilipoota utelezi wa kijani, mikono ikaanza kumwasha. Alifungasha vitambaa vyake vyote vya kusugulia akanikabidhi niende navyo kwangu. Hata hivyo alinipigia simu.

"Lile doa linanitazama."

"Usiliguse, Shangazi."

"Nimeikalia mikono."

Kisha akaja dada yake mkubwa, yule aliyemfundisha kufua. Nilikuwepo. Hakumaliza hata salamu, alishaliona tangi.

"Dobi mzima! Aibu gani hii?" Akakunja mikono ya gauni, akachomoa kitambaa kwenye mkoba.

Magoti ya Shangazi yalipona ghafla. Aliruka kutoka kitini akamdaka mkono.

"Acha! Acha uchafu wangu!"

Halafu Shangazi akamsogeza dada yake karibu na kioo, akamwonyesha kwa kidole. Katikati ya majani vifaranga vya samaki, wadogo kama punje za mchele, walikuwa wakidonoa ule ukijani.

Dada mkubwa aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kitambaa kikining'inia mkononi.

"Na wewe unawafanyia nini?"

"Mimi?" Shangazi alivuta kiti, akakaa, akacheka mpaka machozi. "Wananihitaji nisifanye kitu."