Mkono wa Kwanza Kichwani

Nilisuka nywele Durban kwa miaka mingi, katika chumba cha ghorofa ya pili kule mtaa wa Point, na sikuwahi kuogopa kichwa cha mtu ila kimoja. Kilikuwa cha mama wa Kisangani aliyeuza nguo pale mlangoni petu. Mumewe, askari wa utawala wa zamani, aliuawa waasi walipouchukua mji. Tangu hapo mama yule alinyoa nywele na kufunga kitambaa cheusi. Siku moja ya mwaka 1998 wakwe zake walimtumia habari kwamba muda wa matanga umekwisha. Akaja moja kwa moja kwenye kiti changu.

Kwao, anayemsuka mjane mara ya kwanza lazima awe mtu asiye na kinyongo na marehemu. Mkono wenye kinyongo, walisema, humrudisha msibani. Mambo kama hayo huwa nayacheka. Siku hiyo sikucheka.

Waasi walipoingia Lubumbashi, kwetu, kabla sijahamia Durban, nilikuwa barabarani na tawi la mti mkononi, nikiimba mpaka sauti ikakauka. Niliwapenda vijana wale kwa moyo wote. Mtoto wa dada yangu alikuwa amefia hospitalini kwa kukosa dawa, nami nilimchukia kila aliyevaa sare ya serikali. Kijana mmoja aliponiuliza askari wanakaa wapi, nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani. Nilidhani watamnyang'anya bunduki tu. Walimpiga risasi uani, mkewe akitazama.

Nilishika kitana, nikakiweka chini. Sikuwa na rafiki mwingine ila yeye Durban nzima, na nilijua naweza kumpoteza. Nikamweleza yote, hata habari za mtoto.

Alitazama mikono yake.

“Mutoto wangu wa kwanza alikufaka vile vile,” akasema. “Mu camp ya askari hata aspirine haikukuwa. Bwana yangu alizika mtoto asubui, saa sita akarudia kazi, kuchunga ba-chef, bale bakubwa yake.”

“Basi unichukie, mama.”

“Mi nimechoka kuchukia. Bibi ya ule jirani, iko muzima?”

“Sijui.”

“Uliza. Umuandikie. Usimuombe kitu. Muambie tu ni weye ulionyesha nyumba.”

Akafungua kitambaa, akainamisha kichwa. Nywele zilikuwa fupi, zinateleza vidoleni. Zilinichukua saa tatu, na sikumbuki siku nyingine niliyosuka kwa furaha kiasi kile. Alipojiona kwenye kioo alicheka kama msichana.

Bado naamini utawala ule ulistahili kuanguka, na nitabishana na yeyote anayesema vinginevyo. Lakini yule kijana mwenye bunduki nilimwonyesha nyumba tu, sikumwambia anayeishi humo anaitwa nani. Jioni hiyo nilikaa mezani na karatasi kumwandikia mke wa jirani, na mstari wa kwanza nikaandika jina la jirani yangu, jina lake kamili.