Bunduki ya Ami Niliyoifunga Kilemba

Kwetu mjini Ibra nilizoea bunduki ya marehemu babu, ile tunayoipiga hewani siku za arusi. Haina pahala pa kukunjika. Basi Ijumaa iliyopita Ami Seif, ambaye nimemposa binti yake na jibu bado sijapata, alinichukua bondeni nikajifunze kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine.

Alinipa nimshikie bunduki yake mpya ya marisau, akaenda kutega mashine. Kidole changu kikagusa kikono cha juu, na bunduki ikakunjika katikati. Nilipoinyoosha ikalia tak. Nikajua na kingine kimekatika ndani.

Mimi hata salamu hunitoka kwa shida, sembuse kumwambia mkwe nimemvunjia bunduki. Nikavua kilemba changu, nikaifunga pale katikati kama mguu wa mbuzi aliyeteguka.

Ami akarudi na mwanawe Salim, naye kabeba bunduki yake.

"Mwenyewe kichwa wazi, bunduki ina kilemba," Salim akasema. "Inakwenda kusali?"

"Shikamoo, Ami," nikasema, na asubuhi nilishamwamkia. "Imevunjika. Niwie radhi."

Ami akachukua bunduki ya Salim, akasukuma kikono, nayo ikakunjika vilevile. Akatia risasi mbili, akainyoosha. Tak. Salim akageukia mlimani, mabega yanamtetema.

"Zote hufunguka hivi, mwanangu," Ami akasema taratibu. "Jana binti yangu kaniuliza wewe mtu wa namna gani. Leo nikamwambie nini?"