Wasomaji walimpa Nsimire mpenzi, mume wangu akanibandika mimi

Admin, ukiipandisha hii usiweke picha yangu wala namba. Bukavu ni ndogo, na watakaonitambua wameshanihukumu, sitaki kuwaongezea maneno.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya primaire, nina watoto wawili. Mume wangu, Papa Grâce, ananunua dhahabu Shabunda, mbali ndani ya msitu. Tangu ndege za uwanja wetu wa Kavumu zisimame hajarudi nyumbani, na kupita msituni kwa miguu nilimkataza mimi mwenyewe kwa kuogopea maisha yake. Tunaishi kwa audio za WhatsApp, siku ambazo network inakubali.

Upweke ndio ulionifundisha kuandika. Nilianza hadithi ya ufalme ulio chini ya ziwa, wenye wachawi, malkia asiyezeeka na samaki wanaosema. Kila Jumapili natuma sehemu moja katika groupe ya WhatsApp. Nilidhani watasoma walimu wenzangu tu, leo groupe imejaa mpaka watu wa Goma na Uvira. Katika hadithi hiyo kuna mhusika mdogo, Nsimire, anayelinda moto wa jiko la malkia. Hana kazi kubwa. Ila kila jioni anafunika sahani ya bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anaiweka karibu na moto, na sijaeleza popote ni ya nani.

Jamani, penye wengi pana mengi. Wasomaji waliacha malkia na vita vyake vyote wakaishika ile sahani. Huyu anasema ni ya jemadari wa jeshi. Yule anasema ni ya mchawi mkuu, kwa sababu siku mchawi alipougua sahani haikuguswa, jambo ambalo mimi mwenye hadithi sikuwa hata nimelifikiria. Walimtafutia Nsimire mpenzi wa siri mpaka wakagombana, mmoja akatoka groupe kwa hasira. Mimi nilicheka tu. Nikiulizwa, nilijibu kama waandishi wote wanavyojibu: subirini, mtajua mbele.

Ukweli ni kwamba ile sahani imetoka nyumbani kwangu. Tangu Papa Grâce aondoke, kila jioni namtengea chakula chake nakifunika, jinsi mama mkwe alivyonionyesha nilipoolewa kwao Walungu. Asubuhi watoto wanakila. Nsimire ana mume aliyekwenda vitani, na nilipanga kumrudisha katika sehemu ya mwisho. Hakuna mpenzi. Hakuwahi kuwepo, si kwa Nsimire, si kwangu.

Sasa katika groupe kulikuwa na msomaji aliyejiita Mchunguzi. Huyo aliwashinda wote. Alifukua sehemu za nyuma kabisa, akaonyesha kwamba Nsimire anajipaka mafuta kabla ya kufunika sahani, anaimba akiifunika, na hataji mume hata mara moja. Akamalizia kwamba mume yuko mbali na mwanaume mwingine anakula chakula chake. Watu walimsifu sana. Siku moja akaniuliza mbele ya wote kama Nsimire anapenda bwana yake. Nikaweka alama ya kicheko, nikaandika: mtajua mbele. Mdomo uliponza kichwa.

Mchunguzi ni mume wangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Aliyemwingiza katika groupe kwa namba nyingine ni wifi yangu, dada yake, tunayekaa naye mtaa mmoja hapa Kadutu. Nilijua siku wifi alipokuja nyumbani akakataa kiti. Aliniambia amesimama: "Mama Grâce, kaka yangu alikuuliza yeye mwenyewe, ukamuchekelea mbele ya batu."

Jioni ile ile ikaja audio ya Papa Grâce. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Miye nakujua," alisema. "Ukipendaka mutu, unajipakaka mafuta na unaimba. Ule mwanaume ni nani?"

Nilimwambia ni wewe, sahani ni yako, waulize watoto. Akajibu: "Sasa iko yangu sababu nimekukamata. Dimanche, ukituma sehemu yako, uandike jina yake mu hadithi, batu bote basome. Ukikataa, dada yangu atapeleka batoto Walungu, na famille zetu zitakutana juu ya ndoa."

Nilikaa nikafungua zile nadharia za Mchunguzi moja moja. Siku alizoniambia hakuna network, siku hizo ndizo alizokuwa anaandika marefu. Mimi nilikuwa nasubiri angalau salamu yake, yeye alikuwa anachambua mafuta ya Nsimire na watu nisiowajua. Miezi yote hiyo hakuniandikia hata mara moja kwa jina lake: mke wangu, nimesoma. Nina hasira.

Rafiki yangu wa shule anasema nimuue Nsimire yaishe. Nikimuua, watasema naficha ushahidi. Nikimpa jemadari, kesho wifi ataanza kutafuta mwanajeshi mtaani kwetu. Nikimrudisha mume wake kutoka vitani kama nilivyopanga, Papa Grâce atasema nimebadilisha kwa woga, na wasomaji watasema nimewaibia mwisho wao. Ukweli wenyewe sasa unaonekana uongo nilioutunga juzi.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nimejaribu kuiandika ile sehemu ya mume kurudi. Namfikisha mlangoni, halafu mkono unakataa kumfungulia.

Jumapili inakuja na watoto wangu hawajui lolote. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini bila kunitukana: mtu aliyesoma kila neno langu na bado asijione ndani yake, nimwandikie nini tena ili aniamini?