Shangazi aliyelia kuliko waigizaji wangu

Nichekeni, nastahili. Naongoza filamu, na napenda kila picha ifanane na kweli. Juzi huko Nyakakika, kwa tukio la msiba, nilifunga turubai nyumbani kwa mwigizaji wangu, nikamlaza sebuleni na kumfunika shuka. Kamera mlangoni, nyayo zake tu zinaonekana.

Mara akaingia mama mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, analia kuliko waigizaji wangu wote. Nikamshuku: huyu katumwa na mshindani wangu wa Omurushaka aniharibie kazi! Nikamfuata.

"Mama, nani kakutuma?"

"Kunituma? Nimesikia mtoto wa kaka yangu amefariki!"

Marehemu akafunua shuka, akakaa.

"Shikamoo, shangazi."

Mkungu ukaniangukia mguuni. Kamera bado inarekodi.