Nani Alimwambia Bwana Viwiko

Harufu ya lami iliyopakwa kwenye mataruma mapya ya reli hunishika kooni hadi leo na kunirudisha Kindu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, enzi za Wabelgiji, nikiwa na miaka tisa. Mataruma yalirundikwa karibu na nyumba zetu, na kiangazi kilipopamba moto lami iliyeyuka ikaganda kwenye nguo zetu, na mama alitusugua kwa mafuta ya mawese hadi ngozi ikawaka. Nyumba za kambi zilijengwa mbilimbili, zikishirikiana ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba tulijua jirani anaposonga bugali na anapopiga chafya. Upande mmoja tulikaa sisi: baba yangu Amisi, karani wa dirisha la tiketi, mama yangu, na mimi Feza, mtoto wao wa pekee. Upande wa pili alikaa Baba Ngalula, fundi wa karakana aliyetoka mkoa wa mbali wa Kasai, pamoja na mkewe na binti yao Ngalula, aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza duniani.

Nimechekesha watu kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimekuwa mama mkwe mkorofi, muuza samaki kiziwi, mke wa diwani, mtawa anayependa ugomvi. Wanaponiuliza nilisomea wapi, huwa nawatajia semina moja au mbili, wananishukuru, tunaachana. Ukweli ni kwamba nilijifunza uani kwetu, kati ya kamba ya kuanikia nguo na jiko la mama, na mtu wa kwanza kumwigiza alikuwa mkuu wa stesheni.

Alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye tumbo dogo la duara, na suruali zake hazikukubali kukaa kiunoni. Kwa kuwa mkono mmoja ulishika kiko na mwingine saa ya mfukoni, alizipandisha kwa viwiko, kulia kisha kushoto, kama kuku anayejaribu kuruka uzio. Kambi nzima ilimwita Bwana Viwiko, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo karibu na stesheni. Alikuwa na tabia ya kuligombeza gari-moshi lenyewe. Lilipoingia likiwa limechelewa, alisimama mbele ya injini na kusema kwa Kiswahili chake cha kuamuru: "Weye iko mujinga! Kesho mi nafunga weye!" Nilikuwa nikimtazama nyuma ya marobota ya pamba, sicheki. Nilikuwa nahesabu viwiko.

Kiangazi kile baba alikuwa ameomba kadi ya evolwe, ile iliyokuwa ikitolewa na serikali kwa Mwafrika aliyeonekana ameishi vya kutosha kama Mzungu. Mwenye kadi aliheshimiwa kidogo zaidi ofisini, na baba aliitamani kuliko kitu chochote. Tume ilikuwa inakuja kukagua nyumba ya mwombaji: watafungua sufuria, watatazama vitanda, watamuuliza mtoto maswali kwa Kifaransa. Tulianza kula mezani kwa uma, hata sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mama alifundishwa kusema "bonjour, madame" bila kuinamisha kichwa. Baba alianza kuzungumza kwa sauti ya chini ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kila mgeni alipobisha alituuliza kwanza, "Iko nani?" kabla hajatuacha tufungue.

Jumapili moja mchana, majirani zetu walikuja kukaa nasi uani. Mama na Mama Ngalula walikuwa wanasuka nywele, baba na Baba Ngalula wamekaa kwenye kizingiti. Ngalula alinisukuma katikati. "Fanya muzungu," alisema. Nikachukua kijiko kikawa kiko, nikachukua kitunguu kikawa saa, nikaanza kumgombeza mbuzi wetu kana kwamba ni gari-moshi. Nilipopandisha suruali isiyokuwapo kwa kiwiko cha kulia, Mama Ngalula aliangusha chanuo. Nilipofika cha kushoto, baba yangu, mtu aliyekuwa halegezi tai hata Jumapili, alicheka hadi akajishika mbavu. "Rudilia," alisema akifuta machozi. "Rudilia pale kwa viwiko." Nikarudia mara tatu. Sijawahi tena kupata hadhira kama ile, hata kwenye ukumbi uliojaa.

Siku nne baadaye baba alirudi nyumbani kabla ya mchana, kofia mkononi. Bwana Viwiko alikuwa amemwita na kumwambia kwamba amesikia nyumbani kwa karani Amisi mtoto anafundishwa kuwadharau Wazungu. Barua ya kuombea kadi ilikuwa imerudishwa. Baba aliondolewa dirishani na kupelekwa depo ya mizigo, kuandika namba za magunia. Alitueleza hayo akiwa amesimama, kisha akaingia chumbani.

Mama alibaki amekaa. "Nani alisema?" aliuliza, na swali hilo likahamia kwetu kama ndugu asiyeondoka. Alirudia kutaja waliokuwapo uani: sisi watatu na wao watatu. Hakukuwa na mwingine. Mbuzi hasemi. "Njo yeye," ndiye huyo, alimwambia baba usiku uleule akionyesha upande wa Baba Ngalula, na ukuta ukiwa mwembamba vile, nadhani alikusudia asikike. "Muntu wa Kasai. Anataka kazi yako." Baba aligeukia upande wa pili. Alisema amechoka.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Baba Ngalula akisalimiana na Bwana Viwiko kwenye jukwaa la stesheni, nilikimbia kumweleza mama. Akinyamaza, mama alisema ni kwa sababu ya haya. Mama Ngalula alipotuletea samaki wa mto Lualaba kwenye sahani iliyofunikwa, mama aliwanusa, akawaangalia chini ya matumbo, akawarudisha bila kuwapika. Tulisimamisha uzio wa matete kati ya nyua zetu. Nilikatazwa kucheza na Ngalula. Nililaza sikio ukutani nikisubiri kusikia Kifaransa, jina la baba, chochote. Nilisikia tu Ngalula analia na mama yake akimbembeleza kwa Kiluba, na hata hilo nililitilia shaka, kwa kuwa sikulielewa.

Wiki ya tatu nilitumwa kumpelekea baba chakula depo. Alikuwa ametoka kidogo. Mzee mmoja mpagazi, aliyekuwa anashona gunia lililopasuka, aliniuliza kama mimi ni binti wa karani Amisi. Nikamjibu ndiyo. Akacheka hadi sindano ikamtoka mkononi.

"Baba yako alitumaliza," alisema. "Siku ile, kabla hajaletwa huku, alipita akatuonyesha Viwiko hapa hapa, mbele ya watu wote. Kiko, saa, na yote. Anasema, 'Binti yangu njo alinifundisha.' Kumbe muzungu iko nyuma yake! Sisi tunanyamaza, yeye anaendelea tu."

Nilikaa juu ya gunia la mpunga na bakuli mapajani. Baba alipoingia, alimwangalia mzee, akaniangalia mimi, akajua. Alinitoa nje, nyuma ya ghala, palipokuwa na kivuli.

"Umemwambia mama yako?"

"Sijafika bado nyumbani, baba."

Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kilikuwa kitu kizuri, Feza," alisema. "Nilishindwa kukaa nacho peke yangu."

"Na Baba Ngalula?"

Alipokea bakuli, akaninyoosha kola, akarudi kwenye magunia yake. Nami nilirudi nyumbani nikanyamaza. Ningependa kusema nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa baba, lakini si kweli. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa amesema ni kitu kizuri.

Kabla mvua hazijaanza, Baba Ngalula aliomba uhamisho. Asubuhi ya kuondoka kwao, Mama Ngalula alisimama upande wake wa uzio, amefunga kitenge cha safari. "Mama Feza," aliita, "tumewakosea nini?" Mama yangu aliendelea kutwanga sombe. Baba alikuwa ndani, mlango umeegeshwa. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya kinu na uzio, nikijua jibu, na nilitazama miguu yangu hadi yule mama alipoondoka. Ngalula hakuja kuniaga. Niliwasikia tu wakiburuta sanduku kuelekea stesheni.

Miaka michache baadaye Wabelgiji walifunga ofisi zao na kadi zikawa karatasi za kuwashia moto. Bwana Viwiko alipanda gari-moshi alilokuwa akiligombeza. Baba alizeeka bila kulitaja jambo lile. Mama alifariki akiwa bado anawaonya wajukuu wake dhidi ya watu wa Kasai, na mara mbili nilifungua mdomo kumweleza, mara mbili nikaufunga. Wakati mwingine nashuku kwamba alijua, na kwamba ilikuwa rahisi kwake kumpoteza jirani kuliko kumpoteza mume.

Huko Lubumbashi, nikiwa tayari na mvi chini ya kilemba, kikundi chetu kilirusha mchezo kuhusu ofisa anayelala mikutanoni na kuamka kupiga makofi. Ofisa mmoja wa kweli alijiona humo. Mkurugenzi alitukusanya studio, akafunga mlango, akauliza wazo lilitoka kwa nani. Watu wakaanza kutazamana. Nikaona macho yanavyosogea, taratibu, kuelekea kwa mwigizaji mmoja mgeni kutoka mji mwingine, ambaye hakuna aliyemjua vizuri. Naye aliona. Nilisema, "Ni langu," kabla hajafungua mdomo, na lilikuwa langu kweli. Nikaondolewa hewani kwa msimu mzima. Jumatatu iliyofuata nilipita kuchukua viatu vyangu, nikachungulia mazoezini. Yule mgeni alikuwa amekaa katikati ya wenzake, wanagombania karanga kwenye kikaratasi kimoja, na hakuna aliyekuwa amesogeza kiti mbali naye.