Miaka Minane ya Saruji

Paskalina alikuwa mtu wa kuchoka. Si uvivu, maana mvivu huchoka kabla ya kazi. Yeye alichoka baada yake, na kazi yenyewe haikuwahi kwisha. Kwa miaka ishirini na saba aliwaongoza akina mama waliolisiriba kanisa la parokia yao, kijiji kimoja kupita mji mdogo wa Daudi, huko Mbulu, kila Agosti baada ya mavuno.

Kanisa lilijengwa zamani za usichana wa mama yake. Padri mzungu aliyelichora alitaka lifanane na kanisa la kijijini kwao Ulaya, lenye umri wa miaka mia saba: kuta nene kiasi cha mtoto kulala ndani ya dirisha, madirisha membamba yenye tao juu, na mnara wa kengele, mfupi, mnene. Mawe waumini waliyabeba vichwani kutoka mtoni. Saruji ilikuwa haba, basi mawe yakashikanishwa kwa udongo, na kuta zikasiribwa kama nyumba ya mtu yeyote wa Mbulu: udongo wa kichuguu, majivu na samadi mbichi ya ng'ombe, vikakanyagwa kwa miguu mpaka vilainike, kisha udongo mweupe juu. Umbo la Ulaya, ngozi ya Mbulu. Mama yake alimfundisha neno moja mapema: "Ukuta wa udongo unakunywa mvua halafu unaitoa. Usiuzibe."

Kufika mwaka 1995 maduka ya Mbulu mjini yalikuwa yamejaa saruji, bati na rangi za makopo. Kila mwenye mbuzi wawili wa kuuza alianza kuionea aibu nyumba yake ya udongo, na aibu hiyo ikapanda kilima mpaka kanisani. Kikaitwa kikao.

"Mama Paskalina," alisema Bura, mwenyekiti wa walei, "vijana wanataka kupiga simenti nje. Lakini kazi hii ni yenu akina mama. Wewe ukisema hapana, basi, tumeacha."

Mwaka ule Paskalina alikuwa amemzika mumewe, Sulle, baada ya miezi saba ya kumpeleka hospitali ya Haydom na kumrudisha kwa basi. Magoti yalimuuma akikaa, yakamuuma akisimama. Maneno ya mama yake aliyakumbuka vizuri kabisa, tena palepale, wote wakimtazama.

"Pigeni simenti, wanangu," alisema. "Tupumzike."

Wakampigia makofi. Agosti ilipofika alilala mpaka jua likaingia chumbani, na usingizi ule ulikuwa mtamu, tusidanganyane.

Masika ya tatu ukuta wa mashariki, unaopigwa na mvua, ulianza kutoa madoa. Wakapaka rangi. Ya tano ukapasuka. Wakaongeza saruji! Ya nane ukuta ulikuwa umevimba, na siku chache kabla ya Pasaka kipande kikubwa kama mlango kikaanguka chini. Ndipo akaletwa fundi kutoka Babati, makao ya mkoa wetu mpya wa Manyara. Aligonga huku na huku kwa nyundo yake.

"Limezeeka," alisema. "Wazungu walijenga kwa matope. Bomoeni kabla halijaua mtu."

Jumapili baada ya Misa, Padri Marko aliuliza kama kuna mwenye neno kabla hawajakubaliana kubomoa. Paskalina aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Akinyamaza tu, kanisa litabomolewa na kosa lake litafukiwa pamoja na kifusi. Lakini ndani ya kuta zile alibatizwa, akafunga ndoa, akamuaga Sulle. Akajishika kwenye benchi, akasimama.

"Baba Padri, kanisa halijazeeka. Mimi ndiye niliyeliua. Mama yangu aliniambia ukuta huu usizibwe, na siku ile ya kikao nilijua. Nilikuwa nimechoka, nikawaambia mpige. Mnisamehe."

Padri Marko alimtazama fundi, aliyekuja kusikia uamuzi, na fundi akatoka nje na patasi. Wote wakamfuata. Alibandua saruji ya ukuta wa mashariki kipande kwa kipande. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kama uji, lakini mawe yalikaa kwenye mstari wake na matao hayakusogea hata kidole.

"Mama anasema kweli," alikiri fundi, bila furaha. "Toeni simenti yote. Likikauka mpaka Agosti likasiribwa kwa udongo, litasimama."

"Na nani atalisiriba?" aliuliza Padri.

Wanawake wakatazamana. Waliofanya kazi ile na Paskalina wengi walikuwa makaburini, na waliobaki walitembea kwa fimbo. Gaudensia, mkwe wake, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, sisi hatujawahi hata kukanyaga samadi."

Basi wote wakamgeukia yeye, kwa upendo, na upendo ule ulimkasirisha. Alikuja kutubu, hakuja kuomba kazi.

Agosti alikuwepo. Alivua viatu, akapandisha kanga, akaingia kwenye matope ya baridi huku akiuma meno. Wasichana walisimama pembeni wameziba pua.

"Ingieni," aliwaambia. "Na mjifunze upesi. Safari hii nikichoka, asiniulize mtu."