Barafu za Ubuyu

Siku ya kwanza kazini, pale Bariadi, nilipewa buti za mpira, glovu na kasha la baridi. Nilikuwa msaidizi wa mifugo wa kidato cha nne. Mkuu wangu, daktari wa mifugo aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, hakuwa na maneno mengi. "Ndege wa porini hana mwenyewe wa kuja kukulalamikia," alisema. "Ukidanganya, utabaki wewe na fomu yako."

Tulikuwa tunafuatilia mafua ya ndege. Bata wa porini wanaotua ziwani wanaweza kubeba virusi bila kuugua, wakawaachia bata wa nyumbani kupitia kinyesi. Asubuhi tulikwenda ufukweni Kalemela, tukasubiri waruke, kisha tukachota kinyesi kibichi kwa kijiti chenye pamba, kila ndege na kichupa chake. Vichupa vilitakiwa kukaa kwenye barafu safari nzima. Vikipata joto virusi huharibika, na maabara inaweza isione kitu hata kama kilikuwepo.

Mwaka mmoja bata wa Mama Kabula, jirani na ufukwe, walianza kufa.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umekuja kuhesabu maiti?"

"Nimekuja kutafuta ugonjwa."

"Ugonjwa unaitwa Masanja. Kamwaga dawa ya pamba kwenye maji yangu."

Masanja, jirani yake, alikuwa kwenye shamba lake la pamba, ng'ambo ya ua. Alimsikia, akamjibu huku akicheka: "Shemeji, dawa yenyewe mwaka huu haiui hata viwavi!" Akanigeukia, hacheki tena. "Bwana mifugo, pima vizuri. Hapa kijijini wameshaacha kunisalimia."

Nilichukua sampuli za bata wagonjwa wa Mama Kabula na za wale wa porini. Njiani kurudi Bariadi nikashuka Dutwa, siku ya mnada, kuangalia dume la ng'ombe nililolitamani. Kasha nililiacha kwenye baraza la duka. Jua lilizunguka, baraza likakosa kivuli, mimi bado nabishana bei. Niliporudi, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Nikanunua barafu za ubuyu wanazouziwa watoto, nikazijaza humo.

Ofisini daktari alifungua kasha. "Mbona nyekundu?"

"Niliongezea, daktari."

"Ile ya kwanza iliyeyuka?"

"Hapana. Ilipungua tu."

Kwenye fomu, sehemu ya baridi, nikaandika: sawa.

Majibu yalikuja: virusi havikuonekana. Niliyasoma mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wote wakamgeukia Masanja. Alinitazama mimi, akisubiri niongeze neno. Nilikunja karatasi, nikakaa. Kabla ya mvua alikuwa amehama na familia yake kwenda Mwamapalala.

Nilistaafu kwa heshima, nikapewa na zawadi. Ndipo nikamtafuta. Nilimkuta akifunga ndama, nikamweleza yote, mpaka ubuyu.

"Kwa hiyo walikufa kwa mafua?"

"Sijui. Vile vichupa vilikuwa vimeshaharibika."

"Basi hata leo hujaniletea jibu."

"Sina."

Alikaza kamba ya ndama. "Mimi nilijua sikuwaua. Wanaotakiwa kuambiwa wako Kalemela. Nenda ukasimame pale pale uliposomea karatasi."

Ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa vizuri kuliko sisi. Mimi nawaandikia hili kwa sababu kuandika kumekuwa rahisi kwangu kuliko kusimama. Nimeshapanda basi la Kalemela mara mbili. Mara zote mbili nimeshuka Dutwa.